Kidevu cha Maisara

Siku ile mpumbavu alikuwa Akonkwa, na ukimuuliza leo atakukubalia kabla hujamaliza swali. "Ni miye," atasema, akijipapasa nyusi ya kushoto ambayo imeota upya lakini bado haijapatana na ya kulia. "Usitafute mwingine."

Upumbavu wenyewe ulianzia kwenye makala, yaani makaa ya kupikia. Mvua ilikuwa imepiga mtaa wa Bagira usiku kucha, bati la jikoni likavuja juu ya gunia, na asubuhi mbabula, lile jiko lao, ilitoa moshi bila moto, kama mtu anayetoa ahadi. Akonkwa alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Maharagwe yalikuwa yanangoja. Zamani alikuwa dereva wa lori la kwenda Walungu. Tangu mwenye lori aliposema barabara imekufa na kuliegesha, Akonkwa ndiye alikuwa mpishi wa nyumba, na majirani walimwita Maman Akonkwa. Yeye aliitika "Abee!" kwa sauti nyembamba, ili wakicheka wamkute ameshatangulia kucheka.

Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya spiriti ya mke wake, imebaki chini ya nusu. Akonkwa aliitazama chupa, akatazama makala, akatazama mlango. Akamimina kidogo. Makala yakanywa. Akamimina tena, na tena, mpaka chupa ikabaki na unyevu tu. Alipowasha kiberiti, moto uliruka kutoka kwenye mbabula, ukamlamba uso na kuondoka na nyusi nzima ya kushoto. Lakini uliwaka. Akainjika sufuria huku ananukia kama kuku aliyebabuliwa.

Hapo angeweza kwenda kumwambia mke wake. Alikuwa hatua kumi tu, nyuma ya pazia, akipanga vyombo vyake. Badala yake Akonkwa alipita kwenye tundu la ua hadi kwa jirani, Maman Eulalie, ambaye alipika na kuuza kanyanga, ile pombe kali ya muhogo na mahindi.

"Maman, unijazie hii chupa nusu."

"Saa hii? Hata chai haujakunywa!"

"Haiko ya kunywa."

"Batu bote banasema vile," alisema Eulalie, akainua bidon, dumu lake la njano, na kumimina. Nyingine ikamwagikia shati la Akonkwa.

Kanyanga ni nyeupe kama maji, na spiriti ni nyeupe kama maji. Akonkwa aliinua chupa kwenye mwanga, akaridhika na kazi yake. Pombe ni pombe, alijiambia. Kama hii inaangusha askari mzima na bunduki yake, kijidudu kitasema nini?

Akairudisha kwenye rafu, lebo ikiangalia mbele.


Adélaïde, mke wake, alifanya kazi ambayo watu wengi wa Bagira hawakujua kama ni kazi. Aliondoa ndevu za wanawake. Hakutumia wembe wala nta. Aliingiza kisindano chembamba kama unywele ndani ya kitundu unywele unamotokea, akakanyaga kidude cha mguuni, umeme kidogo ukachoma mzizi, kisha akauvuta unywele kwa kibanio nao ukatoka bila kubisha. Mashine na cheti vilitoka Bujumbura. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, kwa kuwa ule wa mtaa ulikuja siku ulipojisikia.

Wateja waliingia kwa mlango wa jikoni, kitenge kichwani, kama watu waliokuja kununua unga. Walimpita Akonkwa bila kumtazama, naye alitazama maharagwe. Ndevu za mwanamke ni siri, na nyumba ile iliishi kwa siri hizo. Watoto watatu walisoma kwa videvu vya watu. Neno moja baya likitoka mle ndani, hakuna ambaye angepita tena jikoni pale.

Saa tatu waliingia Bintu na mpwa wake Maisara. Bintu alikuwa mwanamke mpana wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira, mwenye Kiswahili cha babu zake wa pwani na desturi ya kukitumia kama fimbo. Maisara alikuwa na miaka ishirini na minne na harusi baada ya siku kumi na mbili. Adélaïde ndiye aliyeichagua siku hiyo kwa kazi ya mwisho, ili wekundu na vigaga vidogo vipate muda wa kuondoka kabla ya picha.

Bintu alisimama mbele ya mbabula.

"Shemeji, na wewe unanyolewa humu? Mbona wamekuacha nusu?"

"Ni majaribio, maman," alisema Akonkwa. "Tunaangalia kama itaota."

Adélaïde naye aliiona nyusi ile alipochungulia kuwakaribisha. "Akonkwa! Uso yako imefanya nini?"

"Makala imenitemea."

"Makala inatemea mutu nyusi?"

"Ilikuwa na kasirani."

Adélaïde alitaka kuuliza zaidi, lakini chafya zilimwahi, tatu mfululizo. Mafua yalikuwa yamemshika tangu Jumapili. Pua ilikuwa imeziba kama chupa yenye kizibo. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akavaa glavu, akachukua chupa kwenye rafu na kumimina kidogo ndani ya kikombe cha kioo. Hakusikia harufu yoyote. Siku ile angeweza kumiminiwa mafuta ya taa asijue.

"Lala, binti yangu. Unakumbuka? Kidole kimoja, inauma. Kiganja, nisimame. Mudomo usitikisike."

Maisara alilala, kidevu juu, macho kwenye dari. Chini ya taya kulikuwa na alama mbili nyeusi, kila moja kama punje ya haragwe. Hizo hazikuwa kazi ya Adélaïde. Mwaka uliopita Bintu alimpeleka kwa mwanamke mmoja wa mjini, aliyekuwa anapangusa sindano kwenye suruali yake na kuendelea. Vidonda vilitoa usaha wiki tatu. Kwa ajili ya harusi Bintu alikuwa ameshanunua poda ya kufunika alama hizo, na alikuwa nayo mkobani.

Adélaïde alisafisha ngozi kwa dawa ya ngozi, akafungua pakiti ya sindano mpya mbele ya macho ya mteja, akavuta taa yenye kioo cha kukuzia. Unywele wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kila baada ya nywele chache, ncha ya sindano hushikwa na utando mweupe, mafuta ya ngozi yaliyoiva kwa umeme. Usipoutoa, unaurudisha ndani ya tundu la unywele unaofuata. Kwa hiyo Adélaïde alichukua kipande cha pamba, akakichovya kikombeni, akaipangusa sindano kutoka kwenye shina kwenda nchani, mara moja, upande mmoja, bila kurudi. Pamba akaitupa.

"Loo, pamba hizo!" alisema Bintu kutoka kwenye kiti chake. "Nikizihesabu zitatosha godoro. Yule wa kwanza alimaliza kidevu kizima kwa nusu saa, hata pamba moja hakugusa."

"Kila fundi na mukono yake, maman."

Maisara aliinua kiganja. Adélaïde akaondoa mguu, akapunguza umeme kidogo, akaendelea. Maisara akainua kiganja tena, safari hii akaelekeza kidole puani mwake.

"Ni mafua tu," Adélaïde alimtuliza. "Usiogope, niko na cache-nez mbili."

Msichana alifumba macho. Angesema anachonusa, lakini alikuwa ameambiwa mdomo usitikisike, na alikuwa ametoka kwenye nyumba ambamo neno la mkubwa halirudiwi.

Baada ya unywele wa kumi na moja, Adélaïde alileta sindano chini ya kioo na kukunja uso. Utando haukuwa umetoka. Ulikuwa umetandaa, ukawa kama ukungu juu ya chuma. Alichukua pamba nyingine, akapangusa. Ukungu ukabaki. Aliinua kikombe na kukitazama kwa kupitia mwanga wa taa. Ndani yake vilielea vichembe, vidogo kama vumbi la unga.

Aliondoa mguu kwenye kidude, akaweka sindano chini. Akashusha barakoa, akavuta pumzi juu ya kikombe. Hakusikia kitu.

"Akonkwa," aliita. "Kuya unuse hii."


Hakuna adhabu mbaya kama kuitwa uwe shahidi wa kosa lako mwenyewe. Akonkwa alikuja akijipangusa mikono, akainama juu ya kikombe, akanusa kwa heshima.

"Ni alcool," alisema.

"Alcool gani?"

"Ile… ya kawaida."

Adélaïde alimtazama. Alitazama shati lenye doa. Alitazama mahali nyusi ilipokuwa jana. Alitazama, kupitia mlango, mbabula iliyowaka vizuri mno kwa asubuhi ya makala yaliyolowa. Mwanamke aliyezoea kuona kitundu cha unywele mmoja hahitaji muda mrefu kuona mume mzima.

"Twende jikoni."

Waliposimama kati ya sufuria, Akonkwa alikuwa wa kwanza kunong'ona.

"Nilitaka batoto bakule. Makala ilikataa. Niliweka kanyanga ya Eulalie, nikasema itauwa microbe. Nihurumie."

"Kanyanga ya mu bidon? Ile bidon ilikuwa na mazout ya lori mbele ya kuwa na kanyanga! Haina kipimo, haina kifuniko, anaichota na kikombe ya kila mutu. Na miye nimeipeleka mu ngozi ya mutoto wa batu."

"Adélaïde, unisikie. Badilisha sindano, sema alcool imeisha, bamalizie siku ingine. Usiseme kanyanga. Ile maman ikijua, tumekwisha. Hakuna mwenye ameona. Ni kasindano, haifiki hata unene ya ukope. Nani atajua?"

Shangazi yule alijua wanawake wa msikitini, wanawake wa soko, wanawake wa vyama vyote vya akiba kutoka Bagira hadi Uvira. Alikuwa ameahidi kuleta wengine baada ya harusi. Adélaïde aliwaza sare za watoto, akawaza kisindano kile kidogo na ukungu wake. Chafya ikamjia, akaizuia kwa kiwiko.

"Miye najua," alisema. "Vaa viatu."

Kisha akarudi chumbani, akasimama mbele ya Bintu kama mwanafunzi mbele ya dawati.

"Maman Bintu, nina kosa. Chupa yangu haikuwa na alcool. Ilikuwa na kanyanga, na sikuijua juu ya hii mafua, pua imeziba. Nimefanya nywele kumi na moja. Sindano nimeitupa. Ngozi nitaiosha upya sasa hivi, ile dawa yake haijaguswa. Bwana yangu anaenda kuleta alcool ya kweli. Leo haulipi kitu, na kesho na kesho kutwa nitafika kwenu miye mwenyewe kuangalia hiki kidevu."

Bintu aliinuka kitini.

"Kanyanga," alisema Bintu taratibu, kama mtu anayeonja pilipili. Akachukua kikombe, akanusa, na kichwa kikaruka nyuma. "Subhanallah! Kanyanga! Kwenye kidevu cha bi harusi! Baba yake ndiye anayeadhini alfajiri, na binti ananukia kilabu!"

Kelele hizo zilipita kwenye tundu la ua, na Eulalie akaja nazo, kijiko mkononi.

"Nani anatukana kanyanga yangu? Inaosha tumbo ya batu miaka kumi na tano, itashindwa kuosha kasindano?"

"Maman Eulalie, rudia nyumbani," alisema Adélaïde.

"Narudia. Lakini museme ukweli, iko safi! Nakunywa miye mwenyewe."

"Ndiyo tunaona," alisema Bintu.

Eulalie aliondoka na heshima yake yote, isipokuwa kijiko, ambacho alikisahau juu ya mashine. Adélaïde alikitoa kwa vidole viwili, akapangusa pale kilipokuwa, akabadilisha glavu. Maisara alikuwa bado amelala, kidevu juu, nusu kimefanywa, nusu bado. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaweza kuongea.


Duka la dawa lilikuwa mbele ya soko, na lilikuwa limejaa. Consolate, mwenye duka, alivaa miwani shingoni na hakuvumilia upuuzi. Akonkwa alifika amelowa, nyusi moja, shati linanukia.

"Alcool ya soixante-dix, asilimia sabini, maman. Chupa yenye haijafunguliwa."

Consolate alivuta hewa. Watu waliokuwa nyuma ya Akonkwa nao walivuta hewa.

"Papa, hapa hatuuzi ya kunywa."

"Haiko ya kunywa."

"Na hii harufu yenye nasikia?"

"Imenimwagikia."

Watu walicheka. Mwanamke mmoja alisema, "Kumbe ni Maman Akonkwa!" na wakacheka zaidi. Akonkwa alifungua mdomo. Ingetosha aseme ni ya kazi ya mke wake. Lakini wangeuliza kazi gani, na mwanamke yule mwenye kucheka angekumbuka ni nani aliyemwona leo akipita na kitenge kichwani kuelekea kwao. Akaufunga mdomo.

"Ni ya nini basi?" aliuliza Consolate.

"Ni ya… nyusi."

"Mutu mwenye aliungua asipakae alcool. Apakae hekima." Kisha, watu walipokuwa bado wanacheka, alimtazama vizuri zaidi, akaona mikono isiyotetemeka. "Sikia, papa. Unaona huu mustari wa carreaux? Utembee juu yake mpaka ku mulango na kurudia. Ukianguka, hakuna alcool."

Miaka kumi na minane barabarani, hakuna polisi aliyewahi kumtembeza namna ile. Akonkwa alitazama mstari wa vigae sakafuni, akajifuta maji usoni, akatembea. Mguu mbele ya mguu, mikono kando, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mlangoni aligeuka, akarudi, mguu mbele ya mguu. Mtu mmoja alipiga makofi. Akonkwa akainama kidogo, kushukuru.

Consolate alimpa chupa iliyofungwa. Akonkwa aliigeuza, akakagua pete ya kifuniko kwa ukucha kama mtu anayenunua dhahabu.

"Sasa umekuwa docteur?" aliuliza Consolate.

"Tangu leo asubuhi," alisema Akonkwa, akarudi mvuani mbio.


Alipoingia, Bintu alikuwa amesimama, mkoba begani. Ni mvua tu iliyokuwa imemzuia, nayo ilikuwa imeanza kupungua.

Adélaïde aliipokea chupa, akaileta hadi mbele ya kitanda, akaifungua pale Bintu na Maisara wanapoona. Kifuniko kilikatika kwa mlio mdogo. Akamimina kwenye kikombe kipya kilichochemshwa, akachovya pamba, akampa Bintu.

"Unuse, maman. Pua yangu leo haina kazi. Nusa kwa niaba yangu."

Bintu alinusa. Ilikuwa spiriti, kali na safi, na hakuwa na la kusema juu yake. Akairudisha pamba.

"Ni yenyewe. Asante, shemeji, kwa kunyeshewa. Lakini sisi tunaondoka. Maisara, inuka."

"Maman, kidevu iko nusu," alisema Akonkwa. "Kosa ni yangu, haiko ya bibi yangu. Nitukane miye. Nimeshatembezwa ku carreaux leo, kuongeza kidogo haitaniua."

"Sitaki kukutukana, wewe umeshajitukana usoni." Bintu alimgeukia Adélaïde, na sauti yake haikuwa tena ya kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Bibi, nilikuwa nimeshawataja kwako wanawake saba. Saba! Sasa nitawaambia nini? Wewe umekiri kwa kinywa chako kwamba umemtia mwanangu kanyanga. Mtu akishakiri hivyo, nimwamini tena kwa lipi?"

"Ni haki yako, maman," alisema Adélaïde. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho mekundu, na haikujulikana kama ni mafua. "Nilikuambia juu ni ngozi yenu, haiko yangu. Mukienda, sitabisha. Niachie tu nimuoshe mara ingine, kiisha muende."

"Kuoshwa ataoshwa nyumbani. Sema utakavyo juu ya yule wa kwanza, pamba hakuwa nazo, maneno hakuwa nayo. Lakini miezi yote ile, wallahi, sikusikia kosa hata moja kwake!"

Maisara aliketi kitandani. Tangu saa tatu alikuwa hajatamka neno, na Bintu, ambaye alikuwa ameshaufikia mlango wa jikoni, aligeuka kwa mshangao aliposikia sauti yake. Msichana alimfuata mlangoni, akainua kidevu, upande ule wenye alama mbili nyeusi, akaulaza mkono wake juu ya mkoba wa shangazi yake, pale ilipokuwa poda.

"Kosa lake hukulisikia, shangazi. Ulilinunulia poda."